Kinyunya cha kopo: soma orodha ya viambato kabla ya jina

Katika maduka makubwa ya Marekani, karibu na maziwa na mayai, hupangwa makopo ya karatasi ngumu yenye kinyunya kilichokwisha kukandwa, kusukumwa na kukatwa pembetatu, ambacho mnunuzi hukikunja kwa umbo la hilali na kukitia katika oveni. Kampuni ya Pillsbury ilianza kukiuza mwaka 1965, na leo maduka mengi yana kopo lenye jina la duka lenyewe, aghalabu kwa bei nafuu. Kwa kuwa kazi yangu ni uokaji, huulizwa mara kwa mara lipi ni bora.

Mimi huanzia nyuma ya kopo. Kroasani ya Kifaransa, mkate wa tabaka wenye umbo hilohilo la hilali, huumuliwa kwa hamira, na tabaka zake hutenganishwa na siagi. Kinyunya cha kopo kwa kawaida hutumia mafuta ya mawese, na badala ya hamira hutiwa magadi soda pamoja na asidi ya fosfati ambayo hufanya kazi kidogo sana ikiwa baridi, kisha kwa nguvu inapopata joto. Hamira ingeendelea kuumua ndani ya friji mpaka kopo lipasuke. (Kishindo unachokisikia unapobandua karatasi ya nje hutokana na gesi iliyokusudiwa, kwani ndiyo inayokisukuma kinyunya kijaze kopo na kufukuza hewa.)

Kwa hiyo neno "siagi" lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa halinishughulishi mpaka nilione katika orodha ya viambato, maana mara nyingi ni ladha tu. Mdomoni tofauti haifichiki: mafuta ya mawese yaliyogandishwa huacha utando kwenye kaakaa, na fosfati huacha uchungu wa mbali, kama ladha ya chuma. Kasoro hizo nimezikuta katika makopo ya bei zote.

Jambo linalosahauliwa ni umri wa kopo. Kadiri siku zinavyopita, vimeng'enya vya unga wa ngano huvunja nyuzi zinazoshika maji, na maji hayo hujitenga kama shira nyepesi. Ukikuta kinyunya kinateleza na pembetatu zake haziachani, hapo unalinganisha tarehe wala si watengenezaji. Chukua makopo yenye tarehe zinazokaribiana, yatoke kwenye friji kwa pamoja, uyaoke kwenye trei moja kwa nyuzi 190 za Selsiasi, dakika 9 hadi 12 hivi. Kinyunya kikikaa mezani kikapata joto, mafuta hulainika, tabaka hushikana, na utatoa mkate laini usio na magamba hata kama kopo lilikuwa zuri.

Anayetaka kufungia keema anunue kinyunya cha kipande kimoja kisichokatwa, kwa sababu mistari ya pembetatu, hata ikibanwa kwa vidole, hufumuka ndani ya oveni na mchuzi ukavuja. Keema yenyewe iwe kavu, na iwe imepoa kabisa.