Kemo baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mwembamba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kama wameikata yote, kemo ya nini tena?" Kwenye benchi za kliniki hapa Nairobi, jibu la jirani huwa: daktari anawaficha, imesambaa.

Si hivyo. Daktari wa upasuaji huondoa anachokiona na kukigusa. Chembe za saratani huenda zilishatoroka kupitia tezi za limfu, nazo ni ndogo mno hata skani haizioni. Kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, huwekwa kwa ajili ya hizo. Ndiyo maana ripoti ya maabara ya kipande kilichokatwa inashinda maneno ya benchi: inasema saratani ni ya aina gani, imepenya kiasi gani, na kama tezi zimekutwa nayo. Iombeni, msomewe hadi muielewe.

"Kila aliyepasuliwa lazima apate kemo." Hapana. Saratani iliyogunduliwa mapema, upasuaji pekee unaweza kutosha. Tezi zikikutwa na saratani, kemo hupendekezwa kwa kawaida, mara nyingi ya miezi 6 hivi. Saratani hii ni adimu, kwa hiyo mengi tunayojua yameazimwa kwenye tiba ya saratani ya utumbo mpana. Daktari akikueleza hilo waziwazi, mimi naona amekuheshimu.

"Nywele zote zitakwisha." Kwa dawa zinazotumika sana hapa, mara nyingi hupungua tu. Kinachowashtua watu ni baridi. Mtu aliyewekewa oksaliplatini, mojawapo ya dawa hizo, halafu akanawa kwa maji ya bomba asubuhi ya Julai, vidole humchomachoma kama sindano; akinywa soda ya friji, huhisi koo linabanwa. Tayarisha glavu, skafu na chupa ya maji moto kabla ya dripu ya kwanza. Ganzi isipoisha hadi dozi inayofuata, sema. Usivumilie kimyakimya, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa kabla mishipa ya fahamu haijaumia zaidi.

Na hili ndilo linaloniogopesha: "Homa ni kawaida, meza Panadol ulale." Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Panadol huificha homa tu. Kipimajoto kikifika 38, nenda hospitali usiku huo huo, hata kama matatu zimelala na ni lazima jirani mwenye gari aamshwe. Mlangoni sema kwanza: "Niko kwenye kemo," na uonyeshe tarehe ya dozi ya mwisho.