Pua ya Kitoto Kichanga: Yanayosemwa Nyumbani na Yaliyo Kweli

"Pua ikiziba, atapumua kwa mdomo." Naanza na hili kwa kuwa ndilo la hatari zaidi. Sisi wakubwa tunaweza, kichanga bado. Miezi yake ya mwanzo hutegemea pua, ndiyo maana hunyonya na kupumua bila kuachia titi. Matundu yote mawili yakiziba, akinyamaza au akinyonya, midomo yake hugeuka buluu. Akilia rangi hurudi, maana mdomo umefunguka. Akinyamaza tena, nyanya atasema, "Afadhali, amenyamaza." La! Mtoto wa namna hiyo hangojewi kuche, seuze arobaini. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

"Ni mafua tu, kusi imeingia." Mara nyingi ni makamasi kweli, au uvimbe wa ndani. Lakini wapo wanaozaliwa njia ya nyuma ya pua imefungwa kwa mfupa au utando, takriban mtoto 1 kati ya 5,000 hadi 8,000, wasichana zaidi. Ikiwa ni upande mmoja, huenda akafika umri wa kwenda chuo cha Kurani akitoka makamasi mazito tundu lile lile, na wote mwamwita mtoto wa mafua.

Kuchunguza hospitalini si kazi kubwa. Kioo au kijiko cha chuma kilichopoa huwekwa chini ya pua, kionekane kinapata ukungu pande zote mbili. Kisha mpira mwembamba hupitishwa kila tundu. Ukikwama, daktari wa masikio, pua na koo hutazama kwa kamera, na picha ya CT (eksirei ya kompyuta) huonyesha kilichoziba. Mkiandikiwa rufaa ya Makadara, hospitali kuu ya Pwani pale Mombasa, nendeni.

"Tone la mafuta humfungua." Mafuta huweza kuteremka mapafuni yakaleta nimonia. Moshi wa ubani nao huzidisha uvimbe, na kumnyonya makamasi kwa mdomo ni kumpa vijidudu vyako. Matone ya maji ya chumvi ya famasi kabla ya kunyonya, kisha kuvuta taratibu kwa kipampu cha mpira, yatosha. Ukivuta kila mara, pua huvimba zaidi. Dawa za pua za wakubwa msimtilie.

"Operesheni itamharibu uso." Ile njia ya nyuma iliyofungwa hufunguliwa kwa operesheni, lakini daktari hupita ndani ya matundu yenyewe, usoni hapakatwi. Kabla ya siku hiyo huwekewa kifaa mdomoni apate hewa, na maziwa hupita kwa mpira. Njia iliyofunguliwa huweza kusinyaa tena, kwa hiyo zile tarehe za kliniki baada ya operesheni msiziache, hata mtoto akionekana mzima.