Je, nyongeza ya Elden Ring inastahili shilingi laki moja?

Swali ninaloulizwa zaidi na wapenzi wa mchezo wa video wa Elden Ring hapa Arusha linahusu nyongeza yake, Shadow of the Erdtree: je, inastahili fedha zake? Ni swali la haki kabisa. Nyongeza hiyo ilitoka tarehe 21 Juni 2024 kwa bei ya dola 39.99, ambayo ni takriban shilingi 100,000, ilhali mchezo wenyewe ulipotoka Februari 2022 uliuzwa kwa dola 59.99. Mnunuzi anatakiwa kutoa theluthi mbili ya bei ya mchezo mzima kwa ajili ya kitu ambacho hakiwezi kuchezwa peke yake, na bado gharama ya bando haijahesabiwa. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za michezo na kuuza diski, nipo Kaloleni, na nyongeza hii mimi siiuzi kwa sababu wateja wangu huipakua wenyewe mtandaoni. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue kwamba sina maslahi katika jibu nitakalolitoa.

Jibu langu ni kwamba inastahili, tena kwa kiasi kikubwa, ila kwa mtu aliyekwisha kumwua Mohg, mmoja wa mabosi, yaani maadui wakubwa, wa mchezo wa awali. Kwa yule ambaye hajamwua, ushauri wangu ni kutunza fedha yake hadi siku hiyo ifike.

Sababu ni kwamba kulipa hakukupi ruhusa ya kuingia. FromSoftware, kampuni ya Japani iliyoutengeneza mchezo huu chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, iliuweka mlango wa Nchi ya Kivuli, yaani ulimwengu wa nyongeza hii, mbali sana na mwanzo. Kwanza ni lazima uwe umemshinda bosi Starscourge Radahn karibu na kasri la Redmane. Kisha umshinde Mohg, Bwana wa Damu, ndani ya kaburi lake huko Mohgwyn. Ndipo uuguse mkono uliokauka unaoning'inia kutoka kwenye kifukofuko kilichopo pale pale alipouawa. Mohg ni bosi wa hiari, kwa maana kwamba mtu anaweza kuufikia mwisho wa hadithi na kuona majina ya watengenezaji yakipita bila kuwahi kukanyaga eneo lake. Aidha, mchezaji akianza safari ya pili na mhusika yule yule, mlango hujifunga tena mpaka mabosi hao wawili wauawe upya. Nimewaona watu waliolipa, wakapakua usiku kucha, kisha wakagundua kwamba bado wana safari ndefu mbele yao.

Ipo njia ya mkato ya kufika Mohgwyn, na nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi hapa kwetu huamini kwamba imefungwa kwa asiyecheza mtandaoni. Baada ya kumshinda bosi Godrick na kuzungumza na kiumbe aitwaye Vidole Viwili, mchezaji humkuta Varré, mhusika mwenye barakoa nyeupe, katika Kanisa la Waridi huko Liurnia, naye humpa kazi ya kuvamia ulimwengu wa wachezaji wengine. Kwenye PlayStation uvamizi wa namna hiyo unahitaji usajili wa kulipia wa PlayStation Plus, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Hata hivyo, sasisho namba 1.06 la Agosti 2022 liliongeza njia mbadala: katika magofu ya Writheblood, kwenye uwanda wa Altus, kuna alama nyekundu inayokuwezesha kuvamia na kupigana na mhusika anayeendeshwa na mchezo wenyewe, na ushindi huo unakubalika kuwa kazi imefanyika. Baada ya hatua chache zinazofuata, Varré hukukabidhi nishani ya kukufikisha kwenye himaya ya Mohg bila kulipia usajili wowote. Ambaye ameukosa mlolongo huo atalazimika kupita kwenye nyika ya theluji ya Consecrated Snowfield, sehemu ambayo hufikiwa mwishoni mwa mchezo.

Sasa tuje kwenye kile hasa unachokinunua. Wachezaji wengi hunieleza kwamba wana levo 150 au zaidi, na wanahofu kuwa nyongeza itakuwa nyepesi mno kwao. Hofu hiyo haina msingi. Watengenezaji walitambua kwamba wachezaji wangeingia Nchi ya Kivuli wakiwa na nguvu zinazotofautiana mno, hivyo wakaanzisha kipimo kipya cha nguvu ambacho kila mtu hukianza kutoka sifuri. Katika nchi hiyo kumetawanywa vipande 50 vya Scadutree, mti wa kivuli wa nchi hiyo, na ukivitumia kwenye kituo cha mapumziko hupandisha baraka inayokomea ngazi ya 20. Kila ngazi huongeza madhara unayoyatoa na kupunguza unayoyapokea, kiasi kwamba aliyefika kileleni hupiga kwa takriban mara mbili ya nguvu aliyoingia nayo. Baraka hiyo hufanya kazi ndani ya nchi hiyo pekee, na kuna nyingine ya ngazi 10 kwa ajili ya roho unazoziita zikusaidie pamoja na farasi wako.

Hilo ndilo jambo linalonifanya niitetee nyongeza hii mbele ya yeyote. Katika mchezo wa awali, aliyekwama kwa bosi angeweza kurudi mahali anapopajua, akaua maadui wale wale kwa saa kadhaa, akakusanya runi, ambazo ndizo malipo ya kupandia levo, na kupanda levo. Katika Nchi ya Kivuli njia hiyo haina faida kubwa, kwani levo moja ya ziada kwa mtu mwenye levo 150 haisikiki kabisa. Anayetaka nguvu hana budi kutembea, kwa maana vipande hivyo vipo kwenye misalaba aliyoiacha Miquella, mhusika mkuu wa hadithi ya nyongeza, chini ya sanamu za mungu wa kike Marika makanisani, na kwa wale viumbe wa kivuli wanaobeba vyungu vichwani. Viwili viko kwa kiboko wa dhahabu anayelilinda lango la ngome ya Shadow Keep, na anayejua tabia ya kiboko wa kweli hatashangaa kuona kwamba mnyama huyo amepewa hadhi ya bosi. Kwa hiyo kuchunguza ramani, ambako katika michezo mingi ya fantasia ni kazi ya pembeni, hapa kumekuwa ndiyo njia yenyewe ya kukua. Mtu aliyeupenda mchezo wa awali kwa sababu ya ugeni wake wa saa za mwanzo ataupata ugeni huo tena, akiwa na silaha zake zote mkononi.

Malalamiko ya wiki ya kwanza kuhusu ugumu yalikuwa mengi, na bado yanasomeka kwenye maoni ya wanunuzi huko Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Ni vyema kuyasoma ukikumbuka kwamba tarehe 26 Juni 2024, siku tano tu baada ya nyongeza kutoka, FromSoftware ilitoa sasisho lililoongeza nguvu ya ngazi za mwanzo za baraka. Anayeanza leo anaikuta hali iliyo nafuu kuliko waliotangulia, ingawa wepesi haumo. Bosi Rellana wa Castle Ensis hukutana na mchezaji mapema, naye huwaadhibu wanaomkimbilia wakiwa na vipande viwili au vitatu. Messmer, mwenye moto na nyoka, ni bosi ambaye nadiriki kumweka karibu na wale bora kabisa wa kampuni hiyo.

Silaha pia zimeongezwa kwa ukarimu: kuna aina 8 mpya, zikiwemo kupigana kwa mikono mitupu, panga kubwa nyepesi, makucha ya mnyama na chupa za manukato. Anayependa kubadilisha namna ya kupigana atafurahi sana.

Mapungufu yapo, na mnunuzi anastahili kuyajua kabla ya kulipa. Pwani ya Cerulean inapendeza macho lakini ina mambo machache mno ya kufanya. Msitu wa Abyssal, ambamo farasi wako hugoma kuingia, una mawazo mazuri ya kutisha yaliyotawanywa katika eneo kubwa kuliko linavyohitaji. Mara nyingi mno, mwisho wa pango refu huwa ni jiwe la kunolea silaha au kitabu cha mapishi. Hadithi ya Miquella na wafuasi wake, wakiongozwa na Leda, huanza vizuri na kunivuta, ila hitimisho lake halikuniridhisha: bosi wa mwisho anaeleza machache kuliko tulivyoandaliwa kutarajia. Hata hivyo sehemu za Belurat, Shadow Keep na kilele cha Jagged Peak zinafidia mengi ya hayo.

Kwa wenye PlayStation, kuna jambo la kiufundi ambalo linaweza kuipoteza laki nzima. Tanzania haina duka lake la PlayStation, hivyo watumiaji wa hapa hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, huku diski zilizotumika zikiletwa kutoka pande zote za dunia. Nyongeza inayonunuliwa mtandaoni ni lazima ilingane na eneo la dunia ambalo diski ilitengenezewa. Diski ya Marekani haitaitambua nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Uingereza, hata kama mashine ni moja na mmiliki ni mmoja. Kagua maandishi ya kwenye kasha na ubavuni mwake, na ukiwa na shaka mpelekee mtu anayezifahamu azitazame kabla hujalipa, kwa kuwa duka hilo halirudishi fedha pale upakuaji unapokuwa umeanza.

Wa kompyuta wana nafuu. Mchezo unataka nafasi ya GB 60, kumbukumbu ya muda (RAM) ya GB 12 na angalau kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1060, na mashine iliyoendesha mchezo wa awali vizuri kwa kawaida huimudu nyongeza. Steam hushusha bei yake katika misimu ya mauzo, na hurudisha fedha ndani ya siku 14 iwapo mchezo haujachezwa kwa zaidi ya saa mbili tangu nyongeza iliponunuliwa. Saa mbili zinatosha kuvuka Gravesite Plain, kuokota vipande vya kwanza na kujaribu bahati yako dhidi ya moja ya majitu ya moto yanayozunguka pale.