Ameanguka na bodaboda, ameamka, anaongea: bado apelekwe hospitali?

Haya ndiyo maswali wanayouliza zaidi ndugu wanaoleta majeruhi wa pikipiki. Jibu moja litarudiwa mara kadhaa kwa sababu wengi bado wanaleta mgonjwa asubuhi, kwa ajali ya jana jioni.

Kuumia kichwa ni kupi hasa?

Ni pigo lolote lililofika kichwani, liwe limepasua ngozi, limevunja fuvu au limetikisa ubongo bila kuacha alama nje. Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa.

Kijana alizimia kama dakika mbili, sasa ameamka na anajua jina lake. Bado twende?

Ndiyo. Sasa hivi, si kesho. Kuzimia hata kwa sekunde chache ni sababu tosha, na kuamka si kupona.

Ndani ya fuvu, kwenye panja, umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka hapo, mshipa huchanika na damu hujikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mwanzoni damu ni kidogo: mgonjwa anaongea, anaomba simu yake, anauliza pikipiki iko wapi. Baada ya saa moja, au hata sita, damu imekuwa nyingi. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo. Anaanza kulalamika kichwa, anatapika, anasinzia, anazima. Damu hiyo ikitolewa mapema kwa upasuaji, wengi hurudi nyumbani na akili zao timamu. Akiletwa mboni ya jicho moja imeshatanuka na haishtuki kwa mwanga, muda wa kumwokoa umebaki mdogo sana.

Lakini hana jeraha, hata damu haikutoka.

Bado apelekwe. Ngozi ya kichwa huchuruzika damu nyingi kwa mpasuko mdogo, na ubongo unaweza kuvuja damu bila ngozi kuguswa. Shati lililolowa halikwambii lolote kuhusu hali ya ndani, na shati safi vilevile.

Alikuwa amekunywa. Si tumwache alale pombe iishe?

Hapana. Hapana kabisa. Anayekoroma baada ya ajali huenda hayupo usingizini. Hakuna jirani wala muuza duka la dawa anayeweza kutofautisha kwa macho ulevi na damu ndani ya fuvu. Hata hospitali huhitaji picha ya CT, yaani ya mashine inayoonyesha ndani ya fuvu. Mlevi aliyegonga kichwa huhesabiwa ameumia ubongo mpaka ithibitike vingine.

Wanywaji wa kila siku, wazee, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini wana hatari nyingine: damu inaweza kuvuja taratibu kwa siku au wiki. Akianza kuchanganyikiwa au kuyumba wiki mbili baada ya kuanguka, mkumbusheni daktari ile ajali. Msianze kutafuta aliyemroga.

Dalili zipi ni za kukimbia naye hata usiku wa manane?

Kutapika mara mbili au zaidi, maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua, usingizi asioamshika kwa urahisi, maneno yasiyoeleweka, degedege, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mboni za macho kutolingana, damu au majimaji meupe kutoka puani au sikioni, na weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio. Moja tu inatosha. Msisubiri ya pili.

Pale barabarani tufanye nini?

Kwanza simamisheni magari, msije mkagongwa nanyi. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimwingie kwenye mapafu, akigeuzwa mwili mzima kwa pamoja na mtu mmoja akishika kichwa na shingo visipinde. Helmeti iacheni kichwani maadamu anapumua vizuri. Penye damu nyingi kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Asipewe maji, soda wala maziwa.

Na tafadhali, acheni kumbeba mshikaki, yaani majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kichwa kikining'inia. Shingo iliyopasuka mfupa inaweza kumaliziwa hapo hapo, na mtu akabaki kiwete kwa safari ya kilomita mbili. Tafuteni gari analoweza kulazwa.

Tupite kwanza polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi?

Mgonjwa mahututi hutibiwa kwanza. Gawaneni: mmoja aende na mgonjwa, mwingine afuate fomu kituoni. Kwa wenzetu wa Kenya, Katiba yenyewe, Ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Daktari amemruhusu. Ni kweli hatakiwi kulala?

Alale, ila si peke yake. Mtu mzima asiyelewa akae naye saa 24 za mwanzo. Usiku wa kwanza aamshwe kila baada ya saa mbili: ataje jina lake, aseme yuko wapi, ainue mikono yote miwili. Akishindwa, rudini. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni aziache mpaka daktari aruhusu, kwani zinaweza kuongeza kuvuja damu. Dawa za usingizi na pombe asiguse.

Mguu umevunjika. Kuna mganga wa kuunga mifupa kijijini.

Mfupa uliotokeza nje unahitaji antibayotiki mapema, sindano ya pepopunda na kusafishwa chumba cha upasuaji. Hata kama ngozi haikupasuka, vijiti vikifungwa kwa kukazwa hukata damu, vidole vinakuwa baridi, vinakufa ganzi, na mguu ambao ungewekwa hogo (plasta ngumu) unakatwa. Tumechoka kuikata miguu ya namna hiyo.

Na kuungua na ekzosi?

Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga. Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia, basi abiria apande na kushuka kushoto.

Pikipiki za umeme zina nafuu?

Mashavu ya miguu hayaungui, hilo kweli. Lami ni ile ile, kichwa ni kile kile, na mtembea kwa miguu haisikii ikija.

Helmeti inasaidia, au ni ya kumwogopa trafiki?

Majumuisho ya tafiti nyingi yalionyesha inapunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban 69% na wa kufa kwa takriban 42%. Lakini iwe imefungwa. Iliyowekwa utosini bila mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Mkanda upishe vidole viwili tu chini ya kidevu. Kofia ya fundi ujenzi si helmeti. Iliyogonga lami kwa nguvu itupwe hata kama ganda ni zima, kwa kuwa povu gumu la ndani likishabonyea halifanyi kazi tena. Abiria naye ana fuvu: kama anachukia harufu, avae kitambaa ndani.

Siku ya tatu, kichwa kinauma kidogo na mwanga unamkera. Arudi kijiweni?

Bado. Asiendeshe mpaka kizunguzungu na maumivu viishe kabisa; ubongo uliotikiswa unachelewa kuamua kwenye breki, na pigo la pili linaweza kuumiza kuliko la kwanza. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, anayedai hesabu ya siku aonyeshwe cheti cha mapumziko, kiombwe kabla ya kutoka hospitali. Na kama siku hiyo ya tatu kichwa kinauma kuliko siku ya kwanza, swali si la kijiweni tena. Arudishwe hospitali leo hii.