Je, wajua kwa nini mafuta ya nazi hayafai kuchorea picha?

Mwaka jana mafuta yangu ya kitani yaliniishia nikiwa katikati ya picha ya majahazi mbele ya mji wa Lamu. Kuagiza mengine Mombasa kungechukua siku kadhaa. Dirishani palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, masafi kabisa, nikajiambia mafuta ni mafuta. Nikayachanganya na rangi, brashi ikateleza vizuri, bahari ikatoka buluu ya kupendeza. Miezi minane baadaye nikaigusa ile bahari kwa kidole. Kidole kikatoka buluu.

Bibi wa nyumba ya pili alicheka sana. "Hayo ni ya nywele, mwanangu."

Kinachotupoteza ni hilo neno "kukauka". Kanga iliyoanikwa hukauka kwa kuwa maji yameondoka. Rangi ya maji ni vivyo hivyo: maji yakishapaa, gundi ya mgunga hubaki imeushika unga wa rangi kwenye karatasi, na ukiilowesha tena huyeyuka. Rangi ya akriliki nayo hupoteza maji, ila ndani yake mna chembechembe za plastiki ambazo hukaribiana zikaungana kuwa utando mmoja; hapo hata uiloweshe kutwa nzima haiyeyuki. Msimu wa kaskazi hunikaukia kwenye kibao kabla sijaamua niipake wapi.

Mafuta hayapai. Rangi ya mafuta huganda kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo huzishikanisha molekuli za mafuta mpaka zinakuwa kama jarife lililofumwa likakazwa. Ndiyo maana mafuta ya kitani yanapoanza kukauka huongezeka uzito badala ya kupungua.

Sasa, si kila mafuta yana pa kushikia. Panapotakiwa ni pale atomu mbili za kaboni zinaposhikana kwa mikono miwili, kwa sababu mkono mmoja unaweza kuachia ukashika kwingine. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kitani, kwa kawaida, ni asidi ya linoleniki, yenye mishikano mitatu ya namna hiyo katika kila molekuli. Mafuta ya nazi, takriban asilimia 90 yake haina hata mmoja. Oksijeni hubisha hodi, haifunguliwi. Sifa hiyo hiyo inayoyafanya yakae jikoni muda mrefu bila kutoa harufu mbaya ndiyo iliyoniharibia picha.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wachoraji wachanga hawaambiwi mapema. Mafuta ya kitani yanapovuta oksijeni hutoa joto. Kwenye turubai joto hilo hulihisi, limetawanyika. Lakini kitambaa kilichofutiwa brashi, ukikifinyanga ukakitupa pembeni na vingine, joto hukosa pa kutokea, nacho chaweza kushika moto chenyewe pasipo kiberiti. Katika mji ambao punda wawili hupishana kwa shida vichochoroni, mimi sifanyi mzaha na hilo. Vitambaa vyangu navilowesha kwenye ndoo ya maji, kisha navianika kimoja kimoja kule juu darini, vimekunjuliwa.

Ile picha ya majahazi ninayo bado. Mpaka sasa imenasa mbu watatu.