Asilimia ya taa haipimi mwanga

Mtu akiniuliza taa ya tangi lake la matumbawe aiweke asilimia ngapi ya nguvu yake, sina jibu. Asilimia 60 ya taa iliyoning'inizwa sentimita 20 juu ya maji si sawa na asilimia 60 ya taa hiyohiyo ikiwa sentimita 35. Cha kupima ni mwanga unaolifikia tumbawe pale lilipokaa.

Kipimo chake ni PAR: mwanga wa nanomita 400 hadi 700, unaohesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Mita yake ni ghali, kwa hiyo azima au kodi. Programu za simu zinazopima luksi ziache kabisa. Luksi hufuata jicho la binadamu, ambalo huhisi kijani zaidi na buluu kidogo, na taa zetu karibu zote ni buluu.

Futa kwanza chumvi iliyoganda kwenye taa, la sivyo utapima uchafu. Weka kitambuzi cha mita juu ya mwamba kikielekea juu, pampu zikiendelea kama kawaida. Namba zitarukaruka kwa sababu viwimbi vya juu hukusanya na kutawanya mwanga. Subiri nusu dakika, chukua wastani. Pima katikati, pembeni na penye kivuli.

Kila aina ya tumbawe ina kiwango chake cha PAR. Discosoma huridhika na 50 hadi 100. Zoanthus na matumbawe laini mengi, 80 hadi 150. Euphyllia naipa 100 hadi 150. Montipora naianzia 200, na Acropora 250 hadi 350. Zaidi ya hapo faida ni ndogo na hatari inaongezeka.

Mwanga mdogo huua polepole. Tumbawe hugeuka kahawia kwa kuwa mwani wanaoishi ndani ya tishu zake huongezeka, na polipu (vijinyama vidogo vinavyounda tumbawe) hurefuka kuutafuta mwanga. Una wiki kadhaa za kurekebisha. Mwanga mkali haukupi nafasi hiyo: mwani hao hulemewa, huzalisha oksijeni yenye sumu, tumbawe linawatema na kupauka, pengine kwa siku chache tu. Tazama upauko umeanzia wapi. Ukiwa upande wa juu tu, unaoelekea taa, shusha mwanga. Ukiwa umeenea hata penye kivuli, pima virutubisho vya majini, naitreti na fosfeti, kabla ya kugusa taa. Zikisoma sifuri, tumbawe lina njaa, na mwanga ulio sawa kwa jirani yake utaliumiza.

Tumbawe jipya lianzie sakafuni mwa tangi, nusu ya PAR unayokusudia, kisha lipandishe hatua kwa hatua kwa wiki nne hadi sita. Ukibadilisha taa nzima, anza na nusu ya nguvu uongeze asilimia 5 kwa wiki. Saa nane hadi kumi kwa siku zinatosha.

Kuna mtego ambao wengi hawaushuku: kaboni mpya, yaani mkaa maalumu wa kuchuja maji. Huondoa umanjano wa maji, na mwanga uliokuwa ukimezwa na maji hayo unafika chini mara moja, taa ikiwa haijaguswa. Maji yakiwa yamekaa muda mrefu bila kaboni, weka kidogo kidogo, au shusha taa asilimia 10 kwanza.

Ukiongeza mwanga, pima pia alkaliniti (kaboneti na bikaboneti za majini ambazo matumbawe hujengea mifupa) kila baada ya siku mbili: matumbawe magumu yanayokua haraka huimaliza haraka.