Kadi ya homa ya manjano haiishi baada ya miaka 10

Familia nyingi hapa Malindi zikipanga kuwapeleka watoto kutembea Afrika Kusini huambiwa kwamba kadi ya homa ya manjano ikipita miaka 10 imekwisha, kwa hivyo wachanjwe upya. Sivyo. Tangu Julai 11, 2016, kanuni za kimataifa za afya zinaitambua chanjo hiyo kwa maisha yote ya mwenye kadi, hata ile kadi kuukuu ambayo muuguzi aliandika tarehe ya mwisho kwa kalamu. Msitoe pesa za sindano ya pili, jamani.

Wa kuangaliwa ni wadogo. Anayetoka Kenya akiwa ametimiza mwaka mmoja hudaiwa kadi, na kadi mpya huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Mchanjeni mapema.